Jiko gani kwa nyumba yenye mtoto mdogo: mafiga, Upesi, Jikokoa, stovu ama meko?

Kila mvua ya masika ikianza huku kwetu watoto wanaanza kukohoa, na lazima mtu aulize: niache kuni ninunue gesi ndo mtoto asishikwe na nimonia? Anayeuliza mara nyingi ashaambiwa na muuza majiko kwamba jiko yake inapunguza moshi asilimia sijui ngapi, so mtoto atakuwa sawa. Nimeamua kuziweka hizi jiko zote mahali pamoja tuziangalie kwa macho ya mtu mwenye mtoto chini ya miaka mitano, si kwa macho ya mtu anayetaka tu maharagwe yaive haraka. Naongea na watu wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, halafu wa Nakuru nao wana shida yao ya baridi nitaigusa.

Kama uko haraka: unaishi chumba kimoja cha kupanga mjini, chukua meko, yaani mtungi mdogo wa gesi wenye bana juu. Uko boma na kuni mnaokota wenyewe, jenga Upesi, ile jiko ya kuni ya udongo, kwa jikoni yenye upenyo mkubwa juu, halafu ukipata pesa uongeze meko ya chai na uji. Unapika na makaa na huna mpango wa kuacha, Jikokoa inashinda jiko ya bati ya kawaida lakini ikae nje. Stovu ya mafuta taa usinunue ukiwa na mtoto, hiyo sina maneno mengi ya kuitetea. Na kama pesa ni ya kitu kimoja tu na lengo lako ni nimonia peke yake, basi jiko sio ya kwanza kwa foleni.

Najua hiyo ya mwisho itawaudhi watu, kwa hivyo nianze na utafiti.

Wamejaribu, na haya ndo waliyopata

Nimonia si mchezo, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mwaka 2019 iliua watoto 740,180 walio chini ya miaka mitano, hiyo ni asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo. Na kwamba moshi unahusika na kifua, hilo lilipimwa hata hapa Kenya, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia familia za Mpala kule Laikipia, wakapima moshi ndani ya nyumba, na 2001 wakachapisha kwamba kadri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyougua kifua mara nyingi zaidi. Basi watu wakaona hesabu ni rahisi: toa moshi, nimonia itatoka.

Ilipofika kwa kujaribu, mambo yakawa mengine. Kule Guatemala, Kirk Smith na wenzake waliwajengea watu jiko yenye chimni, nusu ya familia wakapata na nusu wakabaki na moto wao wa kawaida. Matokeo yalitoka 2011. Moshi wa jikoni ulishuka kama asilimia 90, lakini moshi ambao mtoto mwenyewe alivuta ulishuka nusu tu. Hapo simama kidogo, maana hiyo ndo siri ya hii stori yote. Chimni inatoa moshi jikoni inaupeleka nje, na nje ndo mtoto anacheza, halafu jirani naye anapika, halafu mlango uko wazi. Nimonia kwa jumla haikushuka kiasi cha mtu kusema kwa uhakika ni jiko, ingawa ile nimonia kali ilipungua kama theluthi moja, na hilo liliwapa watu moyo.

Watafiti wengine wakaenda Malawi, Chikhwawa na Karonga, watoto 10,750. Nyumba zingine zikapewa jiko za kuni zenye feni ndani, na paneli ya sola ya kuchaji hiyo feni, zingine zikaendelea na moto wazi. Ripoti ikatoka 2017. Wenye jiko mpya, nimonia 15.76 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Wenye moto wazi, 15.58. Yaani hakuna tofauti kabisa. Hata kuungua vibaya kulikuwa karibu sawa, watoto tisa upande mmoja na kumi upande wa pili.

Watu wakasema sawa, hiyo bado ni kuni, jaribuni gesi. Wakajaribu. Utafiti unaitwa HAPIN, ulifanywa Guatemala, India, Peru na hapa jirani Rwanda, wamama wajawazito kama 3,200, nusu wakapewa jiko ya gesi na gesi yenyewe ya bure mpaka mtoto atimize mwaka, hakuna kuambiwa ngoja mwisho wa mwezi. Na waliitumia kweli, moshi ukashuka vizuri. Matokeo ya 2024: nimonia kali kwa watoto wa gesi 5.67 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, kwa watoto wa kuni 6.06. Karibu sawa tena.

Kwa nini sasa? Mi naona sababu kubwa iko kwa utafiti mwingine unaitwa PERCH, ambao Kenya ilikuwa ndani kupitia Kilifi, walitafuta ni vijidudu gani hasa vinaleta nimonia ya kulazwa kwa watoto wadogo. Virusi vilichukua asilimia 61, bakteria 27, na kirusi kimoja tu, RSV, kilibeba asilimia 31 peke yake. Virusi vinaletwa na dada mkubwa ametoka shule na mafua, ama na matatu iliyojaa mvua ikinyesha madirisha yamefungwa. Hiyo meko haiwezi kuzuia.

Usinisikie vibaya lakini, sijasema gesi haina maana. Moshi wa kuni unaharibu mapafu ya mwenye kupika polepole mpaka uzeeni, unaumiza macho, na masaa ya kutafuta kuni ni masaa ya mtu. Kuna sababu kibao za kununua gesi. Ninachokataa ni ile ya kuuziwa kama chanjo.

Mafiga

Bei yake ni bure na hakuna sufuria inayoikataa. Ugali wa watu kumi, nyoyo (mahindi na maharagwe) ya kuchemka mchana kutwa, maji ya kuoga, yote inabeba. Shida kwa mtoto ni mbili na moshi ni moja tu, ya pili ni kwamba moto uko chini, pale pale mtoto anayetambaa anafika.

Halafu kuna mgongo. Ukiingia jikoni kwa kukhu, nyanya yangu, wakati wa jioni utamkuta ameinama anapuliza moto, mtoto amefungwa na leso nyuma, kichwa cha mtoto kiko juu ya bega lake, yaani wingu lote linapanda linampata usoni. Kuna siku nilimwambia, "Kukhu, si umpee mtu mwingine mtoto ukisonga ugali?" Akanijibu bila kugeuka, "Huyo mtu mwingine unamuona wapi, mjukuu wangu?" Na alikuwa na haki, maana wote tulikuwa tumekaa nje tunangoja chakula. Kama kuna kitu cha bure kwa hii ulinganisho wote ni hicho, mtoto abebwe na mwingine hiyo nusu saa.

Cha bure kingine ni kuni kavu, na kuacha nafasi kati ya ukuta na paa. Jikoni nyingi za siku hizi za mabati zimefungwa kote hata panya hapati njia, moshi unakaa humo kama mgeni wa kulala. Zile za zamani za nyasi angalau zilipumua. Kama mvua hainyeshi, pika nje.

Upesi

Hii wengine wanaita Maendeleo. Ni chungu cha udongo kilichochomwa, chenye mdomo mbele wa kuingiza kuni, unakijengea na mawe na matope kwa sakafu ya jikoni. Vikundi vya akina mama wafinyanzi huku upande wa Kisumu wamezitengeneza miaka mingi na utazipata sokoni kwa bei ya chini kuliko kila kitu kwa hii orodha ukitoa mafiga. Inakula kuni kidogo, moto umefichwa ndani kwa hivyo mtoto hafikii makaa kirahisi, na kwa sababu imejengewa chini haisogei hata usonge ugali na nguvu zako zote.

Lakini haina chimni. Moshi unapungua, hauishi. Kuna utafiti ulipeleka jiko sita tofauti za kisasa kwa vijiji vya huku Western, matokeo yakatoka 2016, moshi ulishuka ukilinganisha na mafiga lakini hakuna hata moja iliyofikisha hewa ya jikoni kwa kiwango ambacho WHO wanataka. Kwa hivyo mtu akikuambia Upesi ama jiko ingine yoyote ya kuni haina moshi, mwambie awashe muone. Mi bado naipenda kuliko mafiga, na kwa boma lenye kuni zake ndo ningejenga kwanza.

Jiko ya makaa na Jikokoa

Makaa yakishashika moto vizuri moshi hauonekani, na hapo ndo watu wanadanganyika. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na makaa inaitoa kwa wingi. Watu wa Nakuru, hasa wa Molo na Njoro huko juu, naongea na nyinyi: ile ya kumaliza kupika halafu jiko inaingizwa chumba cha kulala ipashe joto, dirisha imezibwa na gunia, mtoto amefunikwa blanketi, hiyo imemaliza familia. Nimonia hata haijafika.

Kwa mfuko wako, Jikokoa ni kweli inaokoa makaa. Kuna utafiti wa Nairobi wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean, wenye kuitumia walipunguza pesa ya makaa asilimia 39. Hiyo si kidogo kwa mtu anayenunua makaa kwa mkebe kila jioni. Shida ni bei ya kwanza, mwenye mkebe wa leo hana pesa ya jiko ya leo, ndo maana ukipata ya kulipa pole pole ni afadhali. Na tafadhali usiwashe na plastiki, ule moshi mweusi wa kuwashia ni mbaya kuliko wa kupika kwenyewe. Washa nje, ngoja iive, hata hivyo ipike ikiwa nje ama mlangoni.

Stovu ya mafuta taa

Kwa ploti za Nyalenda, Obunga ama Kaptembwa bado ziko, unanunua mafuta kidogo kidogo kwa jeriken ya duka. WHO tangu 2014 wanasema watu wasitumie mafuta taa nyumbani, kwa sababu ya moshi na pia kuungua. Lakini mi yenye inaniogopesha ni chupa. Mafuta yanawekwa kwa chupa ya soda, inaachwa chini ya meza, mtoto anakunywa. Mafuta yakiingia kwa mapafu yanaleta nimonia ya kemikali, hiyo haijui chanjo. Ikitokea usimtapishe na usimpe maziwa kwa nguvu, maana akitapika yanashuka tena kwa mapafu, kimbia hospitali.

Meko

Hakuna moshi wa kuongelea. Unawasha sekunde mtoto amepata uji. VAT ya gesi iliondolewa 2023, ingawa ukienda kujaza mtungi hutahisi kama kuna kitu kiliondolewa.

Ubaya wake wa kwanza ni ugali. Ile ya kilo 6 yenye bana inakaa juu ya mtungi ni nyembamba na ndefu, weka sufuria kubwa juu uanze kusonga uone inavyotingika, mtu mmoja anashika sufuria na kitambaa mwingine anasonga, na ndo hapo mtoto akipita karibu maji ya moto yanamwagika. Kwa hivyo watu wanafanya nini? Chai na mayai kwa gesi, ugali na maharagwe kwa kuni kama kawaida. Yaani moshi uko pale pale, sema sasa una jiko mbili. Sikulaumu, mi mwenyewe githeri ya gesi siwezi lipia, lakini usihesabu kwamba umehamia gesi wakati moto wa kuni unawaka kila jioni.

Ubaya wa pili ni gesi kuisha katikati ya mwezi. Ule utafiti mkubwa walipewa bure, sisi tunanunua.

Usalama ni rahisi: paka maji ya sabuni pale inapofungwa, ukiona mapovu kuna mahali inavuja. Jaza kwa duka inayojulikana, si kwa yule wa kumwaga kutoka mtungi mmoja hadi mwingine nyuma ya nyumba.

Nikitaja za stima haraka haraka, presha kuka ya stima ni nzuri sana kwa maharagwe na nyoyo na haitumii stima nyingi kama watu wanavyodhani, shida ni stima yenyewe kupotea. Biogesi nayo kama una ng'ombe wawili wa zero-grazing pale Vihiga na mtu wa kukoroga samadi kila siku, fanya. Bila huyo mtu usianze.

Sasa pesa ikiwa ya kitu kimoja

Hapa ndo nilisema jiko si ya kwanza. Linganisha. Gesi ya bure mwaka mzima, nimonia kali haikushuka. Chanjo ya PCV, ya kuzuia bakteria ya nimokokasi inayoleta nimonia, ambayo Kenya ilianza kutoa 2011 na mtoto anachomwa bure akiwa wiki 6, 10 na 14, kule Kilifi walifuatilia miaka kadhaa wakaona nimonia inayoonekana kwa eksirei kwa watoto wanaolazwa imeshuka asilimia 48. Ni bure, na imepunguza karibu nusu. Kwa hivyo kabla hujaenda duka la gesi fungua kitabu cha kliniki uangalie kama hizo tatu zote ziko, na ile ya pentavalenti ambayo ndani yake iko kinga ya Hib, bakteria nyingine inayoleta nimonia. Ya wiki 14 usiiachie njiani eti kwa sababu mtoto alilia sana ile ya pili. Kunyonyesha miezi sita bila kuchanganya na kitu, hiyo nayo unaijua.

Kitu cha pili cha bure ni kujua kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, amelala ni vizuri zaidi, inua nguo uone tumbo na kifua, weka simu yako kwa dakika moja kamili, usihesabu sekunde 15 halafu uzidishe maana watoto wanapumua bila mpangilio. Chini ya miezi miwili, 60 na kwenda juu ni haraka. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40. Halafu angalia chini ya mbavu, akivuta hewa ndani pale chini panaingia? Hiyo hungoji asubuhi. Na hakuna kungoja akiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege (anatetemeka mwili wote) ama ni mlegevu haamki vizuri.

Nimesisitiza hii kwa sababu huku ziwani kila joto ni malaria. Mtoto ana homa, mama anakimbia kemisti, "Daktari, nipatie ya malaria," anapewa, siku mbili zinapita kumbe ni kifua. Kupumua haraka na homa vinaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, ama zote mara moja, ndo maana anapimwa damu na pumzi zinahesabiwa pia. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu muulize kama anaweza kukuonyesha hiyo ya kuhesabu, wengi wanajua.

Na usiogope kwamba ukienda utalazwa wiki. Kuna utafiti wa hapa hapa Kenya, Ambrose Agweyu na wenzake, watoto 527 ambao kifua kinaingia ndani, wengine wakapewa sindano za penisilini na wengine amoksilini ya kunywa. Ndani ya masaa 48 dawa ilishindwa kwa asilimia 8.0 ya wa sindano na 7.7 ya wa kunywa. Sawa sawa. Ilichapishwa 2015, na siku hizi mtoto kama huyo akiwa anakunywa vizuri na hana dalili zingine za hatari anaweza kurudi nyumbani na vidonge vya kuyeyusha. Umalize zote, hata akianza kucheza siku ya pili.

Kilo 6 ama kilo 13?

Hii ndo naulizwa na waliokwisha amua gesi. Ya kilo 6 unanunua leo unapika leo, na kwa chumba kimoja inatosha. Usiiweke juu ya stuli, weka sakafuni kwa kona, sufuria mpini umegeukia ukutani, na uzuie na kitu mtoto asifike. Ya kilo 13 inataka jiko ya bana mbili, rejuleta, paipu na meza, kwa hivyo bei ya kuanza ni karibu mara mbili ama zaidi, lakini bana ziko juu mtoto hafikii, sufuria ya ugali haitingiki, na ukiweza kusonga ugali kwa gesi bila kupigana nayo ndo utaacha kuwasha kuni jioni. Mtoto akiwa ameanza kutembea na pesa ipo, hiyo ya 13. Ukiwa boma usibomoe Upesi, siku gesi itaisha tarehe ishirini utaihitaji.